Walivyolipamba Gofu

Fundi saa alirudi mtaani Alhamisi asubuhi, mkoba wa vifaa begani na usingizi wa basi ungali machoni. Siku mbili nzima alikuwa mji wa jirani akirekebisha saa za ukutani za hospitali, kumi na nne kwa jumla, kila moja ikisema lake kama mashahidi waliokosa kupatana. Alipokata kona penye duka la fotokopi la shemeji yake, alisimama, akageuka nyuma kuhakikisha kwamba ameshuka kituo chake.

Gofu lilikuwa linang'aa.

Jengo hilo la ghorofa mbili lilikuwa zamani kiwanda cha uchapaji. Mwenyewe alifariki, warithi wakatawanyika kila mmoja na njia yake, mlango ukafungwa kwa mnyororo. Kwa miaka kumi na tisa mvua iliingia kwa paa ikatokea kwa madirisha, miti ikaota kwenye mabomba ya maji, na takataka za mitaa mitatu zikapata pa kulala. Leo lilikuwa jeupe kuanzia msingi hadi chini ya paa. Miti imekatwa. Takataka hakuna. Madirisha ya chini, ambayo hayajaona kioo tangu fundi akiwa kijana, yalikuwa na mapazia ya maua ya zambarau, na mapazia hayo aliyajua vizuri sana. Yalikuwa ya mama mkwe wake.

"Funga mdomo, shemeji, utameza inzi," alisema mwenye duka la fotokopi, mdogo wa marehemu mkewe, akiwa ameegemea mlango.

"Nani kafanya haya?"

"Unauliza jibu. Jumanne ulipopanda basi tu, barua ikaja. Mkaguzi wa majengo anafika leo saa tatu. Mama akasema mgeni wa ofisi ya jiji hawezi kutukuta hivi tulivyo. Jumanne tukafagia, jana tukapaka chokaa. Mikono yangu hii haishiki hata kalamu."

"Na ufa?"

Shemeji mtu akaangalia pembeni. "Huo muulize Brashi."

Barua hiyo walikuwa wameisubiri miaka minne. Walikuwa wameiandikia ofisi ya jiji mara kumi na moja, fundi akitamka polepole, shemeji akichapa na kumsahihisha. Mara kumi walijibiwa kwamba barua yao imepokelewa na inashughulikiwa. Barua ya kwanza ilizungumzia panya, ya pili mbu, lakini kuanzia ya tatu zote ziliongeza na ukuta.

Nyumba ya mama mkwe, vyumba viwili na kibaraza, ilikaa ubavuni mwa gofu tangu enzi za kiwanda, uchochoro mwembamba ukiwa katikati. Ukuta wa gofu ulipanda juu ya bati la chumba chake cha kulala kama mtu mrefu anayechungulia chungu cha mwenzake. Na ukuta huo ulikuwa na ufa ulioanzia karibu na dirisha lake ukapanda kwa mshazari mpaka juu.

Hakuna aliyemfundisha fundi mambo ya kuta, kama ambavyo hakuna aliyemfundisha saa. Alikaa na kitu mpaka kikamwelea. Alikata vipande vyembamba vya kioo kutoka kwenye saa mbovu za mezani, vipande saba vya urefu wa kidole, akavibandika kukatisha ufa, kimoja juu ya kingine. Kioo hakijui kujikunja. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, chenyewe hupasuka. Kila Jumapili alipanda ngazi akavitazama kwa lenzi yake ya jichoni, akaandika kwenye daftari. Kioo cha kwanza, cha juu kabisa, kilipasuka baada ya miezi mitano. Cha sita kilipasuka mwezi uliopita. Kimebaki cha saba, pale dirishani.

Alimwonyesha mama mkwe daftari hilo, akamsihi ahamie kwake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alimpenda, kisha akamjaza chai kikombeni.

"Mwanangu," alisema, "nimeingia chumba hiki bibi harusi. Nimezalia humu mabinti wawili. Mume wangu katokea mlango huu akiwa amebebwa. Leo nihamishwe na vioo vya saa? Jiji likiniambia toka, nitatoka. Mimi si mkaidi. Lakini waniambie wao."

Ndiyo maana fundi aliisubiri barua kuliko wote. Wengine walitaka gofu libomolewe. Yeye alimtaka mtu mmoja tu mwenye mhuri aje aseme neno moja, mama yule alale kwingine.

Alikwenda uchochoroni moja kwa moja bila kutua mkoba. Brashi, mpaka rangi wa mtaa, mtu mwenye maneno mengi kuliko rangi zake, alikuwa anafuta matone ya chokaa kwenye kizingiti cha mama. Ukuta ulikuwa laini kama sahani. Ufa haupo. Vioo havipo.

"Usinishukuru," Brashi alisema. "Plasta hiyo nimeikanda kwa mikono yangu. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

Fundi aliuweka mkono wake juu ya plasta. Ilikuwa bado na ubaridi wa maji.

"Vioo vyangu viko wapi?"

"Humo humo ndani. Nimevifunika kwa heshima, sijavunja hata kimoja. Kile cha chini nilikikuta kizima na nimekiacha kizima."

"Brashi, ndugu yangu. Huo ufa ndio uliokuwa unatusemea. Umeuziba mdomo siku ya shauri."

Brashi akatazama plasta, akatazama kitambaa mkononi mwake.

Palikuwa na nafasi ya kusema jambo kabla ya saa tatu, dakika kumi hivi. Fundi aliingia barazani akiwa na nia hiyo. Akamkuta mama mkwe amevaa gauni lake la safari, ametandika kitambaa cha kufuma juu ya meza ndogo, amepanga vikombe ambavyo havikutoka kabatini tangu msiba. Watu mtaani walimwita Bi Mkubwa. Akiwapa kisogo walimwita Bi Ufagio, naye alijua, na jina lilimpendeza. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo fundi hakuiona kwa muda mrefu.

"Umeliona?" alimwuliza.

"Nimeliona, Mama."

"Sema basi."

"Limependeza," alisema fundi, na lilikuwa limependeza kweli. Akajiambia kwamba mkaguzi ana macho yake na elimu yake. Hatadanganywa na chokaa.

Mkaguzi alifika saa tatu kamili, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kazi na ubao wa kuandikia kwapani. Alizunguka jengo mara moja. Alitikisa mnyororo wa mlango, akaeleza kwamba haruhusiwi kuingia pasipo mwakilishi wa wenye mali. Alitazama juu, akatazama mapazia, akapita uchochoroni akapapasa plasta kwa kiganja. Watu wa mtaa walimfuata nyuma kimyakimya kama wanaofuata daktari wodini. Kisha alikaribishwa barazani, akanywa chai ya mama, akachomoa kalamu.

"Niwapongeze," alisema. "Wiki hii nimepita mitaa tisa, na huu ndio wa kwanza ambao sikuziba pua."

Mama mkwe aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayevishwa nishani.

"Kwa hiyo mnalibomoa lini?" Brashi aliuliza.

"Kulibomoa?" Mkaguzi alicheka. "Jengo lenye mapazia? Fomu yangu ina sehemu tatu. Kuna hatari, kuna bovu, kuna la kuridhisha. Hili naliweka la kuridhisha. Litakaguliwa tena baada ya miaka mitatu."

Neno hilo lilitua polepole. Watu waliangaliana wakitabasamu, wakingoja sehemu iliyobaki, na mkaguzi akawa anafunika kalamu yake. Shemeji alimtazama fundi. Hakuna aliyemtazama mama.

Miaka ishirini na sita fundi alikuwa mkwe wa nyumba ile, na hakuwahi kumpinga mama mkwe hata faraghani, sembuse mbele ya mgeni. Aliposimama, goti lake lilitoa mlio.

"Samahani, mkaguzi," alisema kwa sauti yake ile ya chini, mpaka watu wa nyuma wakaacha kunong'ona. "Jengo hilo hakai mtu. Mapazia ni ya mama yangu mkwe. Chokaa ni ya jana. Uliposhika plasta uchochoroni, chini yake kuna ufa uliopanda mpaka juu. Tumelipaka poda kwa sababu yako."

Mkaguzi aliiweka kalamu mezani.

"Mnaniandikia miaka minne kwamba jengo ni bovu," mkaguzi alisema taratibu, "kisha nikija mnalificha?"

"Hatukuficha. Tulikaribisha mgeni."

Mkaguzi aliinuka, akabana ubao wake kwapani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa fomu. "Baba, mimi naandika ninachokiona kwa macho yangu. Siwezi kuandika ulichoniambia. Nina mitaa miwili mingine huko mbele. Saa tisa nitapita hapa nikirudi ofisini. Kama kuna cha kuona, nitakiona."

Akaondoka. Mama mkwe aliinuka, akakusanya vikombe kimoja kimoja, akaingia chumbani kwake, na pazia la mlango likashuka.

Palikuwa na watu kumi na wawili uchochoroni, wenye patasi, vijiko na nyundo, na hakuna aliyethubutu kugusa ukuta. Kazi ile aliiamuru mama; kuibomoa bila ruhusa yake ilikuwa kama kumpokonya kijiko mkononi.

"Na mimi ndiye nitakayeangushiwa jumba bovu," Brashi alilalama.

"Likianguka halitachagua mtu," shemeji alisema. Akamgeukia fundi. "Nenda wewe. Mimi akiniangalia nitalia, na wewe huwa hulii, huwa unakohoa tu."

Fundi akakohoa, akabisha hodi kwenye pazia.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na dirisha dogo, na nje ya dirisha, karibu kiasi cha kuugusa, ukuta mweupe wa gofu.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni," alisema bila hasira.

"Nimekosa, Mama. Nitakuomba radhi kila siku mpaka uchoke kunisikia. Lakini sasa nakuomba ruhusa niiharibu kazi yako."

Mama alinyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi.

"Unajua kwa nini nilifanya?"

"Kwa ajili ya mgeni."

"Mgeni nini. Miaka minne mnaandika kule: panya, mbu, uvundo, uchafu. Kila barua anayoisoma yule binti wa ofisini inamwambia hivyo hivyo. Mimi nikajiuliza, akija atatuonaje? Atasema watu hawa na gofu lao ni kitu kimoja. Nilitaka aone kwamba uchafu ule si wetu. Basi. Aone mara moja, kisha alibomoe."

Fundi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Katika barua zote kumi na moja hakuwahi kuliandika jambo hilo, na sasa aliona kwamba ndilo lililopaswa kuwa la kwanza.

"Ameona, Mama. Amesema hakuziba pua. Hilo hakuna wa kulifuta."

"Na ukikwangua ukakuta kioo chako cha mwisho ni kizima?"

"Nitapaka chokaa upya mwenyewe, na habari za ukuta hutazisikia tena kwangu."

"Wewe hujui kupaka chokaa," mama mkwe alisema. "Utachafua kizingiti." Alijikongoja akainuka, akafungua kabati, akatoa kitambaa cha kufunga kichwani. "Leta ndoo. Plasta mbichi ilowanishwe kwanza, la sivyo vumbi lote litaingia ndani."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Mama alisimamia akiwa kwenye kiti, akielekeza nani amwage maji wapi, na kila aliyekwangua alifagia alipokwangua kabla ya kusogea. Shemeji alimwambia Brashi kwamba hii ndiyo mara ya kwanza kazi yake kutoka ukutani mbele ya macho yake, kwa kawaida husubiri mvua. Brashi akasema heri kazi inayotoka kuliko shemeji asiyetoka dukani. Watu wakacheka, na kicheko kiliwasaidia, maana kadiri plasta ilivyotoka ndivyo ufa ulivyorudi, mweusi, mrefu, na hakuna aliyeukumbuka ukiwa mpana vile.

Fundi alikwangua vioo mwenyewe, kwa patasi ndogo ya saa, kuanzia juu. Cha kwanza, kimepasuka. Cha pili, kimepasuka. Cha tatu hakikuwepo, kimebaki kivuli cha gundi. Alishuka ngazi hatua kwa hatua, akitaja kwa sauti, shemeji akiandika kwenye daftari. Cha sita, kimepasuka, na nusu zake mbili zimeachana kiasi cha kupitisha kucha.

Cha saba kilikuwa usawa wa macho yake, karibu na dirisha. Plasta ya hapo ilikuwa na mstari mwembamba ambao asubuhi haukuwepo. Aliitoa punje kwa punje. Akafuta kioo kwa kidole gumba, akaweka lenzi jichoni, ingawa kwa hili haikuhitajika lenzi.

Alisogea kando.

Mama mkwe aliinuka kitini akaja mwenyewe. Aliukuta mpasuko kwa ncha ya kidole, akapitisha kidole juu yake, akarudi nacho chini.

"Brashi," alisema. "Jana jioni ulikifunika hiki kikiwa kizima?"

"Kizima, Bi Mkubwa. Naapa kwa mama yangu."

"Basi kimepasuka usiku," alisema. "Nimelala hapo."

Aliutazama ukuta kuanzia chini hadi juu, kwa utulivu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkaribisha vizuri na sasa anaiona sura yake. Kisha akaingia ndani. Walisikia kabati likifunguka. Alipotoka alikuwa amebeba mashuka yamekunjwa, juu yake picha ya marehemu mumewe imefunikwa kwa khanga. Akaviweka kwenye kiti barazani, akarudi kufuata mto.

Shemeji ndiye aliyeanza kulia. Fundi alikohoa.

Saa tisa na robo mkaguzi alirudi. Alisimama mbele ya ufa kwa muda mrefu kuliko aliotumia asubuhi kuzunguka jengo zima. Alitumbukiza rula, akasoma daftari la fundi ukurasa kwa ukurasa, akauliza kila kioo kilibandikwa lini. Mwisho alitoa fomu, akakata neno alilokuwa ameliandika, akaandika jingine juu yake, akatia sahihi pembeni. Alipiga simu mbili. Kisha akachora alama kubwa nyekundu ukutani, juu ya weupe uliobaki.

"Nani analala chumba hiki?" aliuliza. "Asilale tena hata siku moja."

"Hakuna anayelala humo," mama mkwe alijibu. Alikuwa amesimama mlangoni, mto kwapani. "Aliyekuwa analala amehama."

Mkaguzi alimtazama, akatazama lundo la vitu kwenye kiti, akaelewa. "Mama," alisema, "ile sehemu ya mtaa kuwa safi, nitaiacha ibaki kwenye taarifa."

"Iache," mama mkwe alisema.

Magogo ya kuuegemeza ukuta yalifika Jumamosi, na mwezi uliofuata gofu lilianza kushushwa tofali kwa tofali, kwa mikono, kwa kuwa mashine ingeliangusha juu ya nyumba za watu. Ilichukua wiki sita. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Alhamisi ile, jua likiwa bado juu ya mapaa, fundi saa alibeba godoro kichwani akavuka barabara, na mama mkwe alitangulia akimwonya kuhusu kila shimo ambalo fundi alilijua tangu ujana wake.

Fundi aliishi chumba kimoja nyuma ya karakana. Alimtandikia mama kitanda chake, yeye akajipangia mkeka karakanani, kati ya meza na mlango. Mama alikaa, akavua viatu, akatazama kuta. Saa zilikuwa kila mahali, za ukutani, za mezani, za wateja waliosahau kuja, thelathini na kitu, zote zikitembea ili zijaribiwe.

"Zinapiga hivi mchana kutwa?"

"Na usiku, Mama. Mimi sizisikii tena."

"Mimi nazisikia."

Alisema hivyo bila kulalamika, akajilaza kidogo, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma na siku ilikuwa ndefu. Fundi alisimama mlangoni. Kisha, kwa utaratibu wake ule ule, akaanzia kushoto. Alifungua kioo cha saa ya kwanza, akagusa pendulamu kwa kidole mpaka ikatulia, akafunga. Akaenda ya pili. Alipofika ya kumi chumba kilikuwa kimeanza kuwa na nafasi ndani yake, na alipofika ya ishirini aliweza kusikia pumzi za mama.

"Na wenye saa zao watasemaje?" aliuliza kutoka kitandani, macho yamefumba.

"Watasema fundi amechelewesha kazi," alijibu, akinyoosha mkono kwenye inayofuata. "Wameshazoea."